Nilipima Shingo ya Kaka Yangu, Nikaandika Uwongo

Kosa ni langu. Nasema hivyo mapema kwa sababu huko mbele utafika mahali utanihurumia, na mimi sistahili huruma yako.

Mimi ni nesi. Wacha niseme ukweli, nilikuwa nesi. Nilichukua tepu, nikaizungusha kwa shingo ya kaka yangu, nikasoma arobaini na tano, halafu nikaandika thelathini na nane. Hakuna mtu alinishikia kisu. Kalamu ilikuwa yangu na akili zangu zilikuwa timamu!

Sisi ni watu wa Machakos. Baba alikufa nikiwa mtoto mdogo, mama akamfuata nikiwa darasa la sita. Kaka Nzioki ndiye mkubwa wetu, mimi ndiye wa mwisho. Aliacha shule akaenda kupakia mawe kwa machimbo, baadaye akajifunza kuendesha lori. Miaka ya tisini akanileta Kitengela, enzi zile ukitoka nje asubuhi unakuta punda milia wamesimama karibu na kamba ya nguo. Tulikaa chumba kimoja cha mabati. Yeye ndiye alinisomesha mpaka nikavaa ile sare nyeupe. Siku ya kuhitimu alikuja na suti ya kuazima, akasimama nyuma ya ukumbi akinipigia makofi, na kabla hotuba ziishe alikuwa amelala akiwa amesimama.

Nzioki alikuwa analala popote. Kanisani pasta akimwona anasinzia alikuwa anapaza sauti, "Haleluya!" naye anaruka kwa kiti, "Amina!" Kanisa lote linacheka. Kwa harusi yangu alilala na chapati mkononi. Mtu alimpiga picha, na tukaiweka kwa albamu!

Kukoroma kwake kulijulikana ploti nzima. Mpangaji wa chumba cha pili alihama kwa sababu hiyo tu. Sisi tulikuwa tunasema huyu mtu ana usingizi mtamu. Hata mimi, nesi mwenye cheti, nilicheka na wengine. Sikujua kama kukoroma kunaweza kuwa ugonjwa.

Halafu nikajua. Na hapo ndipo kosa langu linaanzia.

Ilikuwa ule mwaka wa ukame mkubwa, kuelekea 2010, ng'ombe wa Wamasai wakifa kandokando ya barabara ya Namanga na hewa ikinuka mpaka ndani ya nyumba. Nilikuwa nimeajiriwa katika kliniki ndogo ya kibinafsi hapo Kitengela. Mwenyewe alikuwa mama mmoja Mmasai kutoka Kajiado, Naserian. Hakuwa na digrii ya udaktari, lakini mji mzima ulimwita Daktari, na alifanya kazi vizuri kuliko wengi walio na hiyo digrii. Mimi aliniita Sista. Aliniamini hata na funguo za kabati la dawa.

Siku moja alirudi kutoka semina Nairobi na karatasi moja tu. Tukiwa kwa chai akatuonyesha.

"Hii ni maswali nane," akasema. "Kuna watu wakilala, koo inajifunga. Pumzi inakatika, mtu anakaa bila hewa, mwili unashtuka, anavuta tena. Inaenda hivyo usiku wote. Asubuhi anaamka amechoka kama mtu alikuwa analima. Presha inapanda. Mchana analala popote, hata akishika usukani."

Nilimwona Nzioki na ile chapati.

Maswali yenyewe hayakuwa magumu. Unakoroma kwa nguvu hadi mtu wa chumba kingine anasikia? Unashinda umechoka mchana? Kuna mtu amewahi kuona pumzi yako ikikatika ukiwa umelala? Una presha? Halafu unampima uzito na urefu uone kama amenenepa kupita kiasi, unauliza kama amepita miaka hamsini, unapima shingo kama imepita sentimita arobaini, na unaandika kama ni mwanamume. Kila ndiyo ni alama moja. Ukipata tatu, mtu huyo si wa kuachwa hivi hivi. Ukipata tano au zaidi, usingoje, mtume hospitali kubwa akapimwe usingizi wenyewe na mashine.

"Karatasi haisemi mtu ni mgonjwa," Daktari alituonya. "Inatuambia tu nani tusimwache aende nyumbani bila kuangaliwa. Na msiulize mwenyewe peke yake. Uliza mtu wanalala chumba kimoja. Mwenyewe hajisikii."

Akatoa tepu ya fundi wa nguo, ile ya manjano, akaanza na sisi. Mzee wetu wa geti alipata sita. Alitumwa Nairobi, akasaidiwa, na baada ya muda akarudi kazini akituambia kila asubuhi ndoto alizoota. Alisema alikuwa amekaa miaka bila kuota! Kwa hivyo siwezi kudanganya kwamba sikujua kuna matibabu. Nilikuwa nayaona pale getini kila siku nikiingia kazini.

Unajua nilipaswa kufanya nini jioni hiyo hiyo. Kwenda kwa Nzioki na ile tepu. Sikuenda. Nilisema nitaenda wikendi, na wikendi ikapita.

Miezi michache baadaye, shule moja ya kibinafsi upande wa Isinya ilikubaliana na Daktari apime madereva wao wa basi kabla waajiriwe. Macho, presha, na ile karatasi ya maswali nane. Daktari ndiye aliwaambia waiweke.

Alhamisi moja Daktari alikuwa ameenda mkutano Kajiado. Mlango ukafunguliwa, akaingia Nzioki ameshika fomu ya shule.

"Supa, Sista!" akasema, akiiga salamu za Wamasai, akicheka.

"Ipa. Kaka, umekuja kufanya nini?"

"Nimepata kazi. Ya basi ya watoto. Imebaki tu hii yenu ya kupimwa."

Nikakaa chini. Mwaka huo alikuwa amesimamishwa kazi ya lori kwa sababu aligonga lori lingine lililosimama, mchana peupe. Alituambia breki zilikataa.

Nikaanza kuuliza.

"Unakoroma?"

"Hapana."

"Kaka!"

"Andika hapana."

"Unashinda umechoka mchana?"

"Mimi? Niko na nguvu kama kijana."

"Kuna mtu amewahi kuona pumzi yako ikikatika ukiwa umelala?"

"Nikiwa nimelala nitajuaje? Andika hapana."

Nikampima presha. Mia moja na sabini kwa mia moja na tano! Nikarudia, ikawa vile vile. Nikampima uzito, nikapiga hesabu na urefu wake, ikapita kiasi. Nikamzungushia tepu shingoni, nikaona arobaini na tano. Nikaanza kuhesabu alama nikiwa nimesimama nyuma yake. Nilijua majibu ya kweli ya yale aliyokataa, maana nililala naye chumba kimoja miaka mingi. Alikuwa na zote nane. Sikuwa nimeona mtu wa zote nane.

"Kaka, siwezi kupitisha hii. Hii ni watoto."

Hakukasirika. Angekasirika ningemfukuza. Alivua kofia akaiweka kwa magoti.

"Niko na miaka hamsini na mbili," akasema pole pole. "Nikikosa hii, nani ataniandika tena? Nitaanza kuchunga mbuzi za watu? Nipe mwezi mmoja tu. Nikishaingia kazini naenda Nairobi napimwa. Naapa kwa kaburi la mama."

Nikaivuta fomu, nikaisoma tena.

"Wewe si dada yangu," akaendelea. "Wewe ni mtoto wangu. Kuna siku ulinililia kitu nikakunyima?"

Hakuna. Hakuna hata siku moja!

Nikaandika. Kukoroma, hapana. Uchovu, hapana. Pumzi, hapana. Presha, mia moja ishirini na nane kwa themanini na nne. Uzito nikapunguza. Shingo, thelathini na nane. Umri singeweza kubadilisha kwa sababu ya kitambulisho, na uanaume ulionekana. Alama mbili kati ya nane. Amepita.

Asubuhi iliyofuata nikampelekea Daktari fomu atie sahihi.

"Huyu ni brother yako?" akauliza.

"Ndiyo, Daktari."

"Ana bahati, amepimwa na mtu anamjua."

Akatia sahihi na mhuri bila kusoma mara ya pili. Nami nikamshukuru!

Wiki ya tatu baada ya Nzioki kuanza kazi, mke wake alikuja kliniki. Anaitwa Ndinda. Ni mtu wa maneno machache, si mtu wa kupeleka mambo ya nyumba yake nje. Alingoja foleni yote iishe ndipo akaingia, akafunga mlango.

"Nimesikia mko na karatasi ya maswali ya watu wa kukoroma," akasema. "Kwa nini mimi sikuulizwa?"

Nikamvutia kiti.

"Anakoroma, halafu ghafla kimya. Kifua kinapanda na hewa haiingii. Mimi hukaa nikihesabu. Nikifika ishirini, thelathini, namsukuma kwa kiwiko, anashtuka kama mtu ametolewa kwa maji. Sista, nimechoka kuhesabu. Na sasa amebeba watoto wa watu. Ongea na yeye, wewe atakusikia. Lakini usimwambie ni mimi. Tafadhali. Ameniambia nikimharibia hii kazi, niende kwetu."

Nikamshika mkono. "Sitamwambia."

Jumapili nikaenda kwake baada ya kanisa. Nikamkumbusha ahadi yake. Akaniambia amebanwa na kazi. Nikamwambia mwezi unaisha. Akaniambia niko na maneno mengi tangu nivae nguo nyeupe. Nikashikwa na hasira, na katika ile hasira nikasema, "Hata Ndinda amesema! Anakaa akikuhesabia pumzi!"

Neno lilikuwa limeshatoka. Ndinda alikuwa amesimama kwa mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Alinitazama. Mpaka leo, nikifunga macho, naona vile alinitazama.

Jumatatu Ndinda alikuwa Machakos kwa mama yake, na mtoto wao mdogo mgongoni. Kwa hivyo yule mtu mmoja aliyekuwa akimsukuma kaka yangu apumue, nilimwondoa mimi.

Baada ya siku kama kumi Nzioki alipita nyumbani kwangu na bahasha kubwa ya kahawia, zile za hospitali, jina lake limeandikwa juu.

"Haya," akasema, akiipigapiga kwa kiganja. "Nimeenda Nairobi. Wamenipima kila kitu. Hakuna ugonjwa. Sasa utaniacha nipumue?"

Niliishika hiyo bahasha. Niliigeuza. Haikuwa imefungwa kwa gundi, ni kifuniko tu kimekunjwa. Ningeingiza vidole viwili, ningejua. Nikamrudishia.

Kwa nini sikuifungua? Kwa sababu nilitaka iwe kweli. Nililala vizuri usiku huo. Nililala kama mtu asiye na deni na mtu!

Ajali ilitokea Jumanne, saa tisa na nusu mchana, jua likiwaka. Barabara ya Namanga ilikuwa inatengenezwa, kona za kupitia kando zimejaa vumbi. Basi lilikuwa linatoka shule likileta watoto Kitengela. Mahali barabara ilipinda kwenda kando, basi halikupinda. Watu waliokuwa wakiteka maji karibu walisema halikupiga breki hata kidogo. Lilienda tu moja kwa moja, taratibu, likaingia mtaro na kulala ubavu.

Mimi nilikuwa zamu. Watoto waliletwa na pikapu, wengine wamebebwa mikononi, nyuso nyeupe kwa vumbi, sare zimechanika. Nilikuwa nafunga vidonda, kimoja baada ya kingine. Msichana mmoja wa miaka tisa, Resiato, aliletwa amefungwa mkono kwa shuka nyekundu ya Kimasai. Alikuwa akilia, "Yeiyo! Yeiyo!" akiita mama yake. Daktari alifungua ile shuka, akafunga tena haraka, akasema gari itafutwe, aende Nairobi sasa hivi.

Hakuna aliyekufa. Namshukuru Mungu. Lakini mkono wa Resiato, wa kulia, ulikatwa chini ya kiwiko.

Nikiwa nasafisha goti la mvulana mmoja, nikamuuliza kama dereva alikuwa anaendesha kwa kasi.

"Hapana," akasema. "Dereva alikuwa anakoroma. Sisi tulikuwa tunamcheka."

Walikuwa wanacheka! Kama vile sisi tulivyocheka miaka yote.

Nzioki alitoka na mkwaruzo kwa paji la uso. Wiki hiyo hiyo tuliitwa shuleni, ofisi ya mwalimu mkuu. Wazazi walikuwa wamejaa mpaka nje. Daktari Naserian alikuwepo, mimi nilikuwepo, na Nzioki alikuwa amekaa kwa kiti karibu na dirisha. Nilijua tutaanguka pamoja. Nilikuwa nimejitayarisha kusema, sisi wawili tumekosa, mtusamehe.

Mwalimu mkuu akamuuliza Nzioki kama alikuwa mgonjwa.

Nzioki akasimama. Akatoa mfukoni nakala ya ile fomu, ameikunja vizuri.

"Mimi si mtu wa hospitali," akasema. "Mimi ni dereva. Nilipimwa, nikaambiwa niko sawa. Aliyenipima ni huyu dada yangu, ni nesi, na hii ni mwandiko yake. Kama nilikuwa na ugonjwa, yeye ndiye alijua akanificha. Hata mimi amenikosea."

Hata mimi amenikosea! Aliongea hivyo akiangalia ukuta. Sauti haikutetemeka. Huyu ndiye mtu alinifunza kufunga kamba za viatu! Nilimtazama nikingoja ageuke anione. Hakugeuka.

Nikaanza kusema, "Aliniomba, aliapa kwa kaburi la mama," lakini mzazi mmoja akapiga kelele, "Kwa hivyo ulijua!" na chumba chote kikachafuka.

Daktari Naserian aliinua mkono. Watu wakanyamaza. Alifungua mkoba wake akatoa tepu ya manjano, akaenda kwa Nzioki, akamzungushia shingoni bila kumuuliza. Kisha akashika kwa kidole pale tepu ilipofikia, akaniita.

"Sista, kuja. Soma."

Nikasogea pole pole. Akangoja.

"Soma, wazazi wasikie."

Nikasoma. "Arobaini na tano."

Akainua fomu. "Na hapa uliandika?"

"Thelathini na nane."

Alikunja tepu akairudisha kwa mkoba. Hakunitukana. Aliniambia tu, kwa sauti ya chini, "Mimi niliweka sahihi yangu chini ya mkono wako." Tangu siku hiyo hajanisemesha tena.

Ndinda alipokuja kuchukua vitu vyake, alipita kwangu akanirushia ile bahasha ya kahawia mezani. Alikuwa ameipata chini ya godoro. "Angalia vipimo vya kaka yako," akasema. Nikatoa picha iliyokuwa ndani, nikaiinua kwa dirisha. Ilikuwa eksirei ya mguu. Mguu wake wa kushoto, aliouvunja kwa machimbo kabla hajajua kuendesha gari!

Nililia mpaka nikakosa sauti. Si kwa sababu alikuwa amenidanganya. Ni kwa sababu hakuwa amejisumbua hata kutafuta uwongo mzuri. Alijua sitafungua.

Kesi ilienda mahakama ya Kajiado. Nzioki alinyang'anywa leseni na kupewa adhabu. Mimi niliandika kila kitu kwa mkono wangu, nikakubali, nikatolewa kwenye kazi ya unesi. Kliniki ilipoteza shule ile na wagonjwa wengi, na Daktari akafunga akarudi Kajiado. Mtu ambaye hakukosea kitu!

Kuna jambo moja sijawahi kumwambia mtu, si mume wangu, si polisi, si pasta. Ndilo limenifanya niandike.

Mwanangu alikuwa anasoma shule hiyo hiyo. Alikuwa anapanda basi hilo hilo. Wiki ile kaka yangu alipoanza kuendesha, nilimtoa mwanangu kwa basi. Nikamtafutia mzazi mwingine mwenye gari, wakawa wanaenda pamoja.

Mama yake Resiato alikuwa jirani yetu. Asubuhi moja, kabla ya ajali, tulikutana tukiwatoa watoto, akaniuliza mbona siku hizi mtoto wangu hapandi basi na Resiato, wanamkosa kwa michezo yao. Nikamwambia anatapika kwa basi. Akasema pole. Tena akanipa ndimu mbili, niwe nampa mtoto anuse akiwa safarini. Mimi nikasimama hapo na ndimu zake mkononi, nikamtazama Resiato akipanda ngazi za basi, ananipungia mkono.

Sasa umeelewa kwa nini nilisema usinihurumie. Kwa fomu niliandika kaka yangu ni mzima. Kwa mtoto wangu niliandika ukweli.

Nzioki hatimaye alipimwa Nairobi, baada ya kesi. Alikutwa na ugonjwa, tena mbaya sana. Alipewa mashine ya kupuliza hewa akilala, na watu wanasema amekuwa mtu mwingine, hasinzii, presha imeshuka. Ndinda alirudi kwake. Wako Machakos, wanafuga. Nafurahi, na inaniuma. Hayo yote angeyapata mapema kama siku ile ya Alhamisi ningeandika ukweli na kumtuma. Nilidhani namsaidia, kumbe nilimnyima dawa.

Nilimpigia simu mara moja tu. Nilimuuliza kwa nini alinitupa vile mbele ya watu, mimi niliyemkubalia kila kitu.

"Mimi nilikuwa mtu mwenye shida, nikakuomba," akasema. "Nesi ulikuwa wewe. Ungekataa."

Akakata simu.

Nimeyafikiria maneno hayo miaka hii yote, hapa Isinya ninapouza dawa za kuku kwa duka la mtu. Kuna siku nayachukia. Kuna siku naona ndiyo maneno ya ukweli pekee aliyowahi kuniambia katika jambo hili lote. Ndiyo, alinisaliti! Lakini mimi nilikuwa nimeshamsaliti Daktari, na Ndinda, na watoto wote wa lile basi isipokuwa wangu.

Kwa hivyo nakuomba, wewe unayesoma. Kama nyumbani kwako kuna mtu anakoroma halafu ananyamaza ghafla, usimcheke na usimpige picha. Mpeleke akaulizwe yale maswali, na wewe uende naye ujibu yale asiyoyajua, kwa sababu ni wewe unayemwona akilala. Kama ni wewe unaulizwa, sema ukweli, hata kama ni kazi itaenda. Na kama umepewa karatasi na tepu umpime mtu wa damu yako, toka kwa hicho chumba, mwite mwingine ampime. Usijiamini. Mimi nilijiamini!

Niliogopa nitamkosa kaka yangu. Nimemkosa, na mtoto wa watu amekosa mkono.